Tumehama, meza ya kusomea haina miguu, na barua ya wilaya imebakiza siku mbili

Mama_Kitindamimba · Jumanne, 16 Septemba

Wakuu, habari za mchana. Naandika nimekalia ndoo ya rangi, kompyuta nimeipakata, kitindamimba kalala juu ya godoro lisilo na kitanda. Jumamosi tumehama kutoka Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, kuja Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio, hukuhuku Marekani. Ni kama kilomita 300, mwendo wa saa tatu, ila kwa lori la kukodi lililojaa hadi mlangoni na mtoto wa miaka miwili anayetapika garini, zikawa saa sita.

Kwa wasionijua humu: mie mtu wa Muheza, huku nina mwaka wa tisa. Watoto watatu. Mkubwa ana miaka kumi, wa kati saba, na huyu aliyelala. Wakubwa wawili tunawasomesha nyumbani, sasa mwaka wa tatu. Kabla maswali hayajaanza: sababu yetu si dini, wala sisemi shule za hapa mbaya. Baba yao ni muuguzi wa zamu ya usiku, saa moja mpaka saa moja. Walipokuwa wanakwenda shule, wao wanatoka ndiyo yeye anavua viatu, wao wanarudi ndiyo yeye anavaa. Siku moja wa kati akaambiwa achore familia yake. Akamchora baba yake amelala, miguu imetokeza nje ya blanketi. Wengine wote tumesimama pembeni kama tuko msibani. Picha ikabandikwa ukutani darasani. Tukaona hapana.

Sasa nina mambo mawili.

La kwanza meza. Shule yetu sisi ni meza. Meza ya mbao nzito, tuliinunua dola 40 kwa mzee mmoja aliyekuwa anahamia kwa bintiye. Miguu minne, inafunguka, kila mguu skrubu nne. Hapo tunakula, hapo tunasoma, na watoto wanajua kwamba daftari likiwekwa mezani shule imeanza, sahani zikiwekwa imekwisha. Kengele hatuna. Ijumaa usiku mume wangu akaifungua, skrubu zote kumi na sita akazitia mfukoni, mfuko akauweka "mahali ambapo hautapotea." Ndiyo maneno yake. Leo siku ya nne, mahali penyewe hapakumbuki.

Meza imelala kifudifudi sebuleni kama kasa aliyegeuzwa. Tangu jana najaribu kufundisha juu ya maboksi. Boksi la vitabu linahimili. Boksi la nguo linabonyea, mtoto anaandika sentensi, ikifika katikati inazama. Wa kati ameandika herufi "k" moja imetoboa karatasi, boksi na shati la baba yake.

La pili ni barua. Hapa Ohio, ukihamia wilaya mpya ya shule na unasomesha nyumbani, una siku tano za kumwandikia mkuu wa elimu wa wilaya. Sikukuu na Jumapili zinahesabiwa. Maana yake mwisho wangu keshokutwa. Nimeandika, lakini printa iko ndani ya boksi, na maboksi yote mume wangu ameyaandika neno moja tu: VITU.

Waliowahi kuhama na watoto wa kusomea nyumbani, nyie mlifanyaje? Shule mlifunga siku ngapi? Maana naona natwanga maji kwenye kinu.

Nakaa_Pale · 16 Septemba

Uzi bila picha ya kasa haunogi. Mie nakaa pale nasubiri skrubu.

Fundi_Msumari · 16 Septemba

Dada pole. Nipo Buguruni nachonga fanicha mwaka wa kumi na nane huu, na kilio hiki nakisikia kila mwisho wa mwezi watu wakihama. Skrubu haitiwi mfukoni. Ukishatoa mguu, skrubu unazirudisha kwenye matundu yake palepale, unazikaza nusu, mguu unasafiri na skrubu zake. Au unazibandika kwa selotepu chini ya ubao wa juu. Mfuko una miguu yake.

Ukitaka kununua nyingine usipeleke picha dukani. Beba mguu wenyewe. Huko kwenu wanapima kwa inchi, na skrubu ya milimita itakudanganya, itaingia mizunguko miwili laini kabisa halafu itagoma. Hapo ndipo wanaume wanaongeza nguvu, na hapo ndipo hesi inakufa. Mwambie mzee asilazimishe.

Mzalendo_Tabata · 16 Septemba

Samahani dada, sitaki kukuudhi. Mtoto wa miaka kumi yuko nyumbani na mama siku nzima, marafiki atawapata wapi? Sisi tumesoma darasa la watu 90, tumechapwa, tumefagia uwanja, tumegombea dawati, na ndiyo tumejifunza kuishi na watu. Halafu mitihani nani anasimamia? Wewe mwenyewe unamsahihisha mwanao?

Mama_Kitindamimba · 16 Septemba

@Mzalendo_Tabata hujaniudhi, mama mkwe ananiuliza hayohayo kila Jumapili kwa simu, na yeye hasemi samahani.

Marafiki: Pittsburgh walikuwa na timu ya mpira, maktaba kila Alhamisi, na madrasa Jumamosi. Hapa bado, tuna siku nne tu. Hilo ndilo linaniuma kuliko meza, kusema kweli. Mkubwa aliagana na mwenzake kwenye ngazi za maktaba, wakapeana nusu nusu ya raba ya kufutia. Ameihifadhi kwenye soksi.

Usimamizi: kule Pennsylvania tulisimamiwa hadi basi. Kila mwaka kabla ya tarehe 1 Agosti unaapa kiapo cha maandishi. Siku 180 za masomo, au saa 900 kwa wa msingi. Unatunza faili la kazi za mtoto, mtathmini anakuja kulipekua na kumhoji mtoto, na darasa la tatu, la tano na la nane kuna mtihani sanifu wa kusoma na hesabu. Mkubwa wangu mwaka huu ni la tano. Alipojua Ohio haimdai mtihani huo alizunguka nyumba mbio mara tatu.

Ohio walilegeza sheria yao mwaka 2023. Sasa ni jina na anwani ya mzazi, jina la mtoto, na ahadi kwamba atafundishwa Kiingereza, hesabu, sayansi, historia, uraia na maarifa ya jamii. Wao wana siku 14 za kukujibu kwamba wamepokea. Basi. Nilipoisoma nilidhani ukurasa wa pili umepotea.

Bongo_Köln · 16 Septemba

Hapa Ujerumani ungeshafuatwa mlangoni. Kusomesha nyumbani kumekatazwa, mtoto lazima aende shule, kuna familia zilifikisha kesi mpaka mahakama ya Ulaya na zikashindwa. Na ukihama una wiki mbili za kujiandikisha ofisi ya wakazi. Sisi tulihama mwezi kama huu mwaka jana, mke wangu alilia kwa sababu ya fomu, siyo kwa sababu ya maboksi.

Ila mvua ya Septemba na godoro juu ya kichwa, hiyo naijua.

Shangazi_Leicester · 17 Septemba

Mwanangu, funga shule. Hayo maboksi yaache. Nimesomesha wanne nyumbani hapa Uingereza, tumehama mara tano, na mara ya kwanza nilifanya kama wewe, ratiba ukutani siku ya pili, saa tatu hesabu, saa nne kusoma. Siku ya tatu nikamfokea mtoto wa miaka sita kwa sababu hakujua saba mara nane, kumbe mwenyewe nilikuwa sijalala na sijui sufuria ziko wapi. Bado analikumbuka. Sasa ana miaka ishirini na tatu.

Funga wiki mbili, uwaambie kwamba imefungwa, wajue ni likizo yenye tarehe. Kinachowachosha watoto ni ile shule ya kusuasua, haipo wala haijaisha. Bakiza kitu kimoja tu cha kila siku, kidogo, kisichohitaji meza. Mie nilibakiza kuwasomea usiku kitandani. Ukikosa kitabu, toa hadithi kichwani.

Barua peleka maktaba ukaichape.

Dereva_Monroeville · 17 Septemba

Dada tulikuwa majirani basi! Jambo moja la haraka: umempa mwenye nyumba wa zamani anwani yako mpya kwa maandishi? Pennsylvania ana siku 30 za kurudisha pesa ya dhamana au kukupa orodha ya uharibifu, lakini usipomwachia anwani unajidhoofisha mwenyewe. Mie nilimwambia kwa mdomo tu. Mpaka leo.

Mama_Kitindamimba · Alhamisi, 18 Septemba

Naleta mrejesho, na una moshi ndani yake.

Barua imekwenda. @Shangazi, nilikwenda maktaba kama ulivyosema, nikaichapa pale. Kadi nimepewa papo hapo, na mkutubi akanieleza kwamba huku faini za kuchelewesha vitabu walizifuta tangu 2017. Kwa nyumba yenye maboksi 61 yaliyoandikwa VITU, hiyo ni habari ya kumwagia chozi. Posta nikaomba risiti ya kupokelewa. @Dereva, anwani nimempa yule bwana kwa barua, ahsante, nilikuwa nimesahau kabisa.

Shule nimeifunga. Nimewatangazia: mpaka Jumatatu ya tarehe 29. Mkubwa akauliza kama ni likizo ya kweli au ile ya "tuangalie tu majani." Nikamwambia ya kweli.

Sasa moshi. Jana asubuhi nikasema watu wale vitumbua, nyumba inukie kama nyumba. Karai nimeliona, mchele wa kuloweka nimeuona, mafuta yapo. Sikujua jiko hili plate yake ya mbele ina hasira. Mafuta yakashika moshi, na kile kidude cha dari kikaanza kulia kwa sauti ya kupasua masikio.

Niwakumbushe kidogo. Sheria ya Pennsylvania inataka wanafunzi wa msingi wafundishwe hatari za moto na kujikinga nazo, na inasema waziwazi mafundisho yawe ya mara kwa mara na ya kuendelea. Yaani hesabu haikusisitizwa hivyo. Kwa miaka miwili nimefundisha moto kila wiki kwa sababu mtathmini anaangalia. Tulikuwa tunacheka.

Jana hawakucheka. Mie bado nahangaika na taulo, nageuka, jikoni hakuna mtu. Mkubwa amembeba kitindamimba mgongoni, wa kati ameshika mlango na kuhesabu watu kwa sauti, wametoka nje hawana viatu, wamevuka nyasi, wamesimama chini ya mti uliopo kona ya uwanja. Mkutano wa dharura. Hakuna aliyewaonyesha huo mti, walijichagulia wenyewe. Wa kati ananipigia kelele, "Mama, hatuchukui vitu! Toka!" Baba yao alikuwa chumbani, katoka zamu, kalala. Huyo hakuamka.

Vitumbua viliiva, viwili vikaungua. Lakini watoto hawakurudi ndani mpaka saa nne, kwa sababu chini ya ule mti kumejaa kokwa. Kahawia, zinang'aa kama zimepakwa mafuta ya nazi, na kila moja ina doa jeupe kama jicho. Na mti wenyewe majani yake vidole vitano kama jani la muhogo. Yameshaanza kuwa manjano, ilhali miti mingine ya mtaa bado kijani kabisa. Nikatamani kisamvu hadi mate yakanijaa.

Wameokota 51. Skrubu bado.

Mama_Bukavu · 18 Septemba

Jambo mama, karibu Columbus! Miye niko hapa tangu 2016, tulitoka Bukavu, tukakaa miaka mingi Nyarugusu kule Kigoma, njo tukaletwa huku. Batoto yangu banaenda ku shule ya serikali, ile ya nyumba miye sijui. Lakini ile muti najua. Ni buckeye, njo muti ya Ohio, watu ba hapa banajiita kwa jina yake. Mama, ile ni SUMU. Kokwa sumu, majani sumu. Usitwange sombe! Na ule mutoto mudogo asiweke mu kinywa hata moja.

Ukitaka mboga, angalia nyuma ya nyumba. Lenga-lenga inaota hapa kila pahali, bazungu bananyofoa banatupa. Na kama uko karibu na ile barabara ya maduka ya Basomali, pale fufu na unga ya muhogo utapata.

Mama_Kitindamimba · 18 Septemba

@Mama_Bukavu Mungu akubariki. Nimezikusanya zote na kuzipandisha juu ya friji sasa hivi. Mmoja alikuwa nazo nne kwenye soksi, ile ya raba.

Mwalimu_Mstaafu · 19 Septemba

Nimefuata uzi huu kwa furaha. Nilifundisha hesabu Morogoro miaka 31.

Binti yangu, kokwa za kahawia zinazong'aa, ukubwa wa kushikika, na watoto wako likizo. Mbona umezipandisha juu ya friji kabla ya kufikiria bao? Mtoto wa miaka saba akicheza bao mwezi mmoja anakushinda kujumlisha kwa kichwa. Mashimo 32, kete 64, kila upande 32. Mnapoanza, kila mmoja anaweka kumi tu ubaoni, sita ndani ya nyumba, lile shimo kuu la kila upande, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani. Ishirini na mbili zinabaki mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja kila zamu. Muulize mtoto: kwa nini sita na mbili na mbili? Usimjibu.

Kwa usalama wa mdogo, tafuteni komwe au hata maharage makubwa.

Nakaa_Pale · 19 Septemba

Nilikuja kwa ajili ya skrubu, sasa najifunza bao. Bado nimekaa.

Mama_Kitindamimba · Jumatatu, 22 Septemba

Mwalimu, umeniponza.

Kwanza sikuwa na ubao. Yaani upo, bao la babu yake mume wangu, limetoka Tanga kwa ndege limefungwa kanga, lakini liko ndani ya VITU. Watoto wakasema watatengeneza. Wakachukua makasha ya mayai ya dazeni, yale ya mistari miwili ya sita sita. Upande mmoja wa bao ni mistari miwili ya nane. Wakakaa chini na mkasi. Wa kati ndiye aliyeona: kasha moja kwa kila mchezaji, halafu la tatu unalikata vipande vya manne manne, kimoja kwako kimoja kwangu, kimoja kinabaki. "Thelathini na sita toa nne," akasema, na hajui kwamba nilikuwa nasikiliza. Shule imefungwa, mie sikusema kitu.

Kitindamimba akilala, wanacheza na zile kokwa. Akiamka, zinarudi juu ya friji, zinahesabiwa. Shida ni moja, kokwa nene na kishimo cha yai kidogo. Nyumba ikijazwa sita, mbili zinamwagika. Mkubwa anasema sawa tu, hata sisi tumehama kwa sababu nyumba ilikuwa haitutoshi.

Pili, na hili nilitaka maoni ya mwalimu: saa.

Leo ndiyo ile siku ya mchana na usiku kulingana. Nyie mlioko nyumbani hamna habari nayo, kwenu ni kila siku. Wanangu wanasema saa mbili mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza, na wa kati ana ugomvi wa muda mrefu na saa ya Kiswahili. Hoja yake hii: bibi anasema saa moja asubuhi ni jua likishachomoza, saa moja usiku ni jua likishazama. Mbona Desemba hapa saa moja asubuhi ni giza totoro? Na mbona Juni tunaambiwa saa mbili usiku nenda kalale, na jua linamchungulia dirishani? Kuanzia miaka minne ananiona mwongo. Na kweli, Juni huku sala ya Magharibi inaingia saa tatu usiku, Desemba inaingia saa kumi na moja jioni. Ukimweleza mtu wa Muheza anadhani umechanganyikiwa.

Leo nikamwamsha, tukakaa kwenye ngazi za mbele na blanketi. Kulikuwa na baridi ile ya kwanza, ya kutoa moshi mdomoni. Tukangoja. Jua likatokeza juu ya paa la jirani saa moja na dakika ishirini na kitu, na wakati huohuo gari la baba yake likaingia, katoka zamu. Jioni tukakaa tena palepale. Likazama saa moja na nusu hivi, baba yake alishaondoka. Akaandika kwenye boksi namba zote mbili, akaziangalia sana. Halafu akasema, "Kwa hiyo leo bibi hajadanganya."

Leo tu, nikamwambia. Siku hizi mchana unapungua dakika mbili na kitu kila siku.

Mwalimu_Mstaafu · 23 Septemba

Nimesoma mara mbili. Mruhusu aandike kwenye boksi hilo kila Jumatatu mpaka Desemba. Usilitupe.

Mzalendo_Tabata · 23 Septemba

Sawa dada, kwa hili la saa nimekubali kidogo. Kidogo. La marafiki bado.

Shangazi_Leicester · 23 Septemba

Mwanangu uliambiwa ufunge shule. Hiyo ndiyo kufunga?

Mama_Kitindamimba · Jumamosi, 27 Septemba

Wakuu, mrejesho wa mwisho kwa sasa, nina mikono yenye vumbi.

Asubuhi ya leo kitindamimba alipanda kiti, akafika juu ya friji. Nilimkuta ameshika kokwa moja mkono huu, moja mkono huu, anazigonganisha. Mdomoni hamna. Nilimpekua mpaka kwenye mashavu, tukahesabu 51, zote zipo. Nikazitia ndoo, nikazirudisha chini ya mti kwa wenyewe, maana kindi walikuwa wanatuangalia vibaya tangu wiki iliyopita. Wakubwa wakalia. Ndipo nikasema basi, leo bao la babu linatafutwa na komwe zake, hata ikibidi tufungue kila VITU.

Tumefungua kumi na tisa. Tumeipata pasi, tumeipata albamu ya harusi, tumepata mbuzi ya nazi imefungwa ndani ya koti langu la baridi, na meno yake yametoboa mfuko. Mume wangu akaamka kwa kelele, akasimama mlangoni, akasema, "Bao si nililiweka kwenye boksi la bafuni." Kwa nini? "Kwa sababu bafu lilikuwa la mwisho kufungwa." Sawa.

Boksi la bafuni lilikuwa chini ya mengine yote, limeandikwa VITU 2. Ubao ukatoka, kanga bado inanukia nyumbani. Chini yake kile kifuko cha kitambaa cha komwe. Mkubwa akakiinua, akasema mbona kizito. Akakimimina juu ya zulia.

Komwe 64, na skrubu.

Nimemwangalia mume wangu. Akasema, kwa utulivu kabisa, kwamba kifuko cha bao hakijawahi kupotea tangu enzi za babu yake, ndiyo maana.

Meza imesimama saa nane mchana. Wamekula ugali na ile lenga-lenga ya @Mama_Bukavu, sisi tunaiita mchicha, nimeichuma nyuma ya banda ikiwa inaanza kutoa mbegu. Jirani alipita akanitazama nikichuma. Ana mabinti wawili, umri wa wangu. Walisimama kwenye uzio muda mrefu wakiangalia watu wanavyogawa komwe, @Mzalendo nakuletea tu habari. Mkubwa akawaonyesha namna ya kushika.

Shule inafunguliwa keshokutwa.

Nakaa_Pale · 27 Septemba

Nanyanyuka. Miguu imekufa ganzi.

Fundi_Msumari · 27 Septemba

Hongera sana dada. Ila umesema komwe 64, skrubu hukutaja idadi.

Mama_Kitindamimba · 27 Septemba

@Fundi kumi na tano. Mguu wa upande wa mume wangu una tatu.